Sura ya Sita: Nafasi Kumi na Mbili, Pini Moja

Mikrokontrola ya ATtiny85 ina miguu minane tu. Miwili huingiza umeme, mmoja kwa kawaida huachiwa kazi ya kuianzisha upya, na mitano inayobaki ndiyo mali yote ya mbunifu. Swichi ya kuzungusha ya kawaida, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri ikiwa na mhimili mbele na duara la miguu nyuma, ina nafasi 12. Hata ukihamia kwenye Arduino Uno yenye pini 20, hesabu haikai vizuri kwa muda mrefu: skrini ya herufi 16 kwa mistari miwili hula pini 6, mawasiliano na kompyuta hula 2, na zile 12 zinazobaki zingemezwa zote na swichi moja, isisalie hata moja ya kuwashia relei. Ndipo linapokuja swali la sura hii: mikrokontrola itajuaje swichi imesimama wapi bila kuipa kila nafasi pini yake? Majibu yapo mengi, na mara nyingi hupangwa kwa kuhesabu pini: njia hii hutumia nne, ile tatu, nyingine moja, na inayotumia chache ndiyo hupewa ushindi. Naona mpangilio huo unapotosha. Kigezo ninachokitetea hapa ni kingine: waya ukikatika, au mguso wa swichi ukichafuka, programu itaamini nini? Njia bora ni ile ambayo, baada ya kupunguza pini, bado inaiachia programu uwezo wa kutambua kwamba haijui.

Tuanze na njia yenye matumizi makubwa kuliko zote. Unganisha mguu wa pamoja wa swichi na hasi, kisha ipe kila nafasi pini yake, na kila pini ivutwe kuelekea chanya na rezista yake ya ndani. Wakati wowote pini moja itakuwa chini na 11 zitakuwa juu. Sasa tazama kilichofichika hapo. Pini 12 zina mipangilio 4,096 inayowezekana, na kati ya hiyo ni 12 tu iliyo halali. Mipangilio 4,084 iliyobaki haitakiwi kutokea kamwe, na kwa sababu hiyo kila mmoja wake ukitokea unasema jambo. Pini zote zikiwa juu, ama ulimi wa swichi uko njiani kati ya nafasi mbili, ama waya umekatika. Pini mbili zikiwa chini kwa pamoja, nyaya mbili zimegusana mahali. Ralph Hartley, mhandisi wa Bell Labs, alionyesha mwaka 1928 kwamba habari hupimwa kwa logarithimu ya idadi ya machaguo, na kwa kipimo hicho nafasi 12 zinabeba biti 3.6 hivi. Pini nne zinatosha na kuzidi. Kwa hiyo anayesema pini 12 ni ubadhirifu yuko sahihi kuhusu habari yenyewe; anachokisahau ni kwamba ile ziada ilikuwa kazini muda wote, ikilinda. Kupunguza pini ni kuikata ziada hiyo, na mbunifu anapaswa kujua ni sehemu ipi anayoikata.

Njia inayofuata kwa umaarufu ni kuiandika kila nafasi kwa binari kwa kutumia dayodi. Nafasi ya 5 huunganishwa kwa dayodi mbili na pini yenye uzito wa 1 na ile yenye uzito wa 4. Nafasi ya 7 huunganishwa na pini zenye uzito wa 1, 2 na 4. Dayodi ndogo kama 1N4148 ikipitisha mkondo mdogo wa rezista za ndani hubakiza chini ya volti 0.7 kwenye pini, na ATmega328P, mikrokontrola ya Arduino Uno, ikitumia volti 5 huhesabu chochote kilicho chini ya volti 1.5 kuwa chini, hivyo usomaji hauna tatizo. Pini nne hutoa misimbo 16, na mbunifu makini huuacha ule wa sifuri bila nafasi, ili ulimi unapokuwa hewani, au mguu wa pamoja unapokatika, programu isome sifuri na ijue hakuna nafasi iliyochaguliwa. Hapo mambo yanaonekana kupendeza. Lakini ukate waya mmoja tu, ule wa uzito wa 4, huku swichi ikiwa nafasi ya 7. Programu itasoma 1 na 2 peke yake, yaani 3. Msimbo wa 3 ni halali kabisa. Hakuna kitakacholalamika, hakuna taa ya onyo itakayowaka, na mashine itafanya kazi ya nafasi ya tatu ikiwa na uhakika uleule iliokuwa nao wakati inasoma saba. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika usomaji wa swichi, kwa sababu halifanani na kosa. Misimbo minne isiyotumika, ukihesabu na sifuri, ni ulinzi mwembamba mno kwa nyaya nne.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ipo tangu zamani, nayo ni msimbo wa Gray. Frank Gray, naye wa Bell Labs, aliomba hataza yake mwaka 1947 na kuipata mwaka 1953, ingawa mpangilio wa namna hiyo ulikwishatumiwa na Émile Baudot wa Ufaransa katika telegrafu za karne ya 19. Sifa yake ni kwamba ukitoka nafasi moja kwenda jirani yake, biti moja tu ndiyo hubadilika. Je, inasaidia? Inategemea swichi. Swichi za kuzungusha ziko za aina mbili: zile ambazo ulimi huachia mguu wa kwanza kabla ya kugusa wa pili, na zile ambazo ulimi hugusa wa pili kabla ya kuachia wa kwanza. Kwa aina ya kwanza msimbo wa Gray hauna faida yoyote, maana kati ya nafasi na nafasi pini zote huachiwa, na programu husoma sifuri hata ungetumia msimbo gani. Kwa aina ya pili faida ni kubwa. Kwa binari ya kawaida, ulimi ukiwa umegusa nafasi ya 3 na ya 4 kwa pamoja, dayodi za zote mbili hufanya kazi na programu husoma 7, nafasi iliyo mbali na zote mbili. Kwa Gray, misimbo miwili ya jirani ikijumlishwa hivyo hutoa mmojawapo wa hiyo hiyo miwili, kwa hiyo usomaji hauruki kamwe. Ni wazo zuri sana, lakini angalia linatibu nini: linatibu safari ya ulimi, sekunde chache kwa siku. Waya uliokatika bado husomwa kama nafasi halali, na waya uliokatika hukaa umekatika.

Ukitaka kubaki na pini za dijitali na bado upate ulinzi, ongeza pini hadi sita na uipe kila nafasi pini mbili kamili, si pungufu wala zaidi. Katika pini sita kuna jozi 15, zinazotosha nafasi 12 na kubakiza tatu. Sheria ya programu inakuwa rahisi: hesabu pini zilizo chini; zikiwa mbili, soma; zikiwa moja, tatu au nne, kataa. Waya mmoja ukikatika, nafasi zote zinazoutegemea zitaonyesha pini moja na zitakataliwa. Ulimi ukigusa nafasi mbili kwa pamoja, pini tatu au nne zitashuka, na usomaji utakataliwa pia. Kampuni za simu zilielewa hekima hii mapema. Simu ya vitufe iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963 hupiga sauti mbili kwa kila kitufe, moja kutoka kundi la chini na moja kutoka kundi la juu, na kituo cha simu hakikubali sauti moja ikija peke yake. Mluzi au kelele ya mtaani inaweza kuigiza sauti moja. Kuziigiza mbili sahihi kwa wakati mmoja ni vigumu zaidi. Njia hii ya jozi naipenda, na ni ajabu jinsi inavyotumika kwa nadra katika miradi midogo. Ila pini sita ni nusu tu ya 12, na mwenye ATtiny85 bado hana pa kuziweka.

Hapa ndipo inapobidi kuacha kuhesabu nyaya na kuanza kuhesabu volti. Pini ya dijitali hutofautisha hali mbili. Pini ya analogi ya ATmega328P ina kigeuzi cha biti 10 kinachoipa volti iliyopo namba kutoka 0 hadi 1023. Kwa nafasi 12, hiyo ni ziada kubwa sana ndani ya waya mmoja, na ziada ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Mfano mzuri wa kuitumia uko mifukoni mwa watu wengi. Visikilizi vya simu vyenye waya na vitufe vya sauti hutuma habari ya vitufe vyote kwenye waya uleule wa maikrofoni: kila kitufe huunganisha rezista tofauti na hasi, na simu hupima. Katika maelekezo ya Google kwa watengenezaji wa visikilizi vya Android, kitufe cha kucheza na kusimamisha kinatambuliwa kwa omu 70 au pungufu, cha kuamuru kwa sauti kwa omu 110 hadi 180, cha kuongeza sauti kwa omu 210 hadi 290, na cha kupunguza kwa omu 360 hadi 680. Msomaji asitazame namba zilizotajwa peke yake, atazame na zilizorukwa. Kati ya 70 na 110 hapana kitu. Kati ya 180 na 210 hapana kitu, na kati ya 290 na 360 vilevile. Mapengo hayo ndiyo moyo wa mpango wote. Thamani ikiangukia humo, hakuna kitufe kinachoweza kudai ni yake.

Programu nyingi za kusoma vitufe kwa njia ya analogi huandikwa kinyume cha busara hiyo. Mwandishi hugawa 0 hadi 1023 katika vipande vinavyogusana: chini ya 50 ni kitufe cha kwanza, chini ya 250 ni cha pili, na kuendelea mpaka mwisho, pasiwepo namba hata moja isiyo na mwenyewe. Programu hiyo imejinyima uwezo wa kukataa. Waya ukichomoka na pini ikabaki ikielea, volti yoyote itakayookotwa hewani itageuzwa kuwa kitufe fulani. Watu huishia kuilaumu njia ya analogi, wakisema haiaminiki, kumbe kosa liko katika mipaka iliyoandikwa bila mapengo.

Basi tuijenge ngazi ya rezista kwa nafasi 12 tukiwa na mapengo akilini tangu mwanzo. Ngazi ya kitabuni huwa na rezista 11 zinazolingana, zilizopangwa mfululizo kutoka hasi hadi chanya, na kila mguu wa swichi ukiunganishwa kwenye kipandio chake. Ulimi huchukua volti ya kipandio ulichokigusa na kuipeleka kwenye pini. Kasoro yake ni kwamba nafasi ya kwanza husomeka 0 na ya mwisho 1023, namba zilezile ambazo waya uliogusa hasi au chanya ungezitoa. Ongeza rezista mbili, moja chini kabisa na moja juu kabisa, ziwe 13. Sasa hatua moja ni namba 79 hivi: nafasi ya kwanza husomeka karibu na 79, ya sita 472, ya saba 551, ya kumi na mbili 944. Ncha zote mbili za kipimo zimeachwa tupu kwa makusudi. Viwanda vimefanya hivyo kwa miongo mingi katika vipimo vya joto na shinikizo vinavyotuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20: sifuri ya kipimo ni 4, na mkondo wenyewe ukishuka hadi 0 chumba cha udhibiti hujua waya umekatika badala ya kudhani tangi limekauka. Kisha ongeza rezista moja kubwa, ya kiloomu 470, kutoka kwenye pini hadi chanya. Kazi yake ni kuipa pini mahali pa kwenda ulimi unapokuwa hewani. Bila hiyo, kapasita ndogo iliyo ndani ya kigeuzi hubaki na volti ya usomaji uliopita na kuirudisha kana kwamba ni habari mpya.

Tuipime ngazi hii kwa kigezo chetu. Swichi imeunganishwa na bodi kwa nyaya tatu: chanya, hasi na wa ulimi. Ukikatika wa ulimi, rezista kubwa huivuta pini hadi 1023, namba iliyo nje ya nafasi zote. Ukikatika wa hasi, ngazi nzima hupanda hadi chanya, na jibu ni lilelile. Ukikatika wa chanya, ngazi huegemea hasi, na kwa rezista za kiloomu 1 usomaji hauzidi 25, chini sana ya nafasi ya kwanza. Rezista yoyote katikati ya ngazi ikiachia lehemu, vipandio vilivyo chini yake huanguka karibu na 0 na vilivyo juu hupanda hadi 1023, kwa hiyo hakuna nafasi hata moja inayosomeka. Na ulimi ukigusa nafasi mbili jirani kwa pamoja, volti hubaki kati ya hizo mbili, hairuki kwenda mbali. Liko kosa moja ambalo ngazi hailikamati lote: tone la lehemu likiunganisha miguu miwili jirani, rezista moja hutoweka na vipandio vyote husogea. Nafasi za katikati huangukia kwenye mapengo na kukataliwa, lakini baadhi ya zile za pembeni zinaweza kusomwa kama jirani zao. Hilo ni kosa la siku ya kuunganisha, na hugunduliwa kwa kuizungusha swichi nafasi zote 12 kabla ya kufunga kasha. Linganisha na binari ya pini nne, ambapo waya mmoja kati ya nne unatosha kuzua uongo miezi mingi baada ya kifaa kuondoka mezani.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la usahihi: rezista hazilingani kikweli, joto huzibadilisha, na umeme wenyewe hupanda na kushuka. La umeme ni jepesi. Kigeuzi kikitumia volti ileile inayolisha ngazi kama kipimo chake, umeme ukishuka kutoka volti 5 hadi 4.7, ngazi na kipimo hushuka pamoja na namba haibadiliki. La rezista linastahili hesabu. Katika ngazi ya rezista zinazolingana, hali mbaya kuliko zote ni nusu ya chini yote ikiwa imezidi na nusu ya juu yote ikiwa imepungua, na hapo kosa la kipandio cha katikati ni nusu ya kiwango cha kosa kilichoandikwa kwenye rezista. Kwa rezista za asilimia 5, hiyo ni namba 26 hivi. Kwa za asilimia 1 ni 5. Nusu ya hatua yetu ni 39. Maana yake hata rezista za bei nafuu za asilimia 5 hazivuki mpaka, ila zinakula sehemu kubwa ya pengo. Kwa za asilimia 1, ukijumlisha kosa la rezista, mvuto wa ile ya kiloomu 470 na namba mbili hivi za kosa la kigeuzi chenyewe, unapata 11. Weka ukanda wa kukubali wa namba 20 kila upande wa kipandio. Kati ya nafasi ya sita na ya saba, kwa mfano, kila kilicho kati ya 492 na 531 kitakataliwa. Karibu nusu ya kipimo chote inakuwa mahali pa kukataa, na bado nafasi halali zimebaki na upana wa karibu maradufu ya zinachohitaji. Sioni sababu ya kuita mpango huo dhaifu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la uchafu wa mguso. Hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar ina chumvi, na chumvi haina huruma na shaba wala fedha. Mguso ulioanza kuota kutu huongeza ukinzani, wakati mwingine mamia ya omu. Katika mpango wa visikilizi, ambapo kitufe huunganisha rezista moja na hasi, ukinzani huo hujumlishwa moja kwa moja kwenye kinachopimwa: omu 135 zikiongezewa 100 huwa 235, na amri ya sauti hugeuka kuwa kuongeza sauti, tena ndani kabisa ya ukanda wake. Katika ngazi, ulimi haubebi mkondo wa ngazi. Hubeba maikroampea chache tu za rezista kubwa, hivyo hata ukinzani wa omu 1,000 husogeza namba moja hivi. Hii ndiyo sababu kuu inayonifanya niipendelee ngazi kuliko rezista moja moja kwa kila nafasi, ingawa mpango huo wa pili huokoa waya mmoja. Lakini sifa hiyohiyo ina upande wa pili ambao lazima usemwe. Mguso wa fedha huhitaji mkondo kiasi ili kuvunja utando wa kutu unaojijenga juu yake, na maikroampea haziwezi kazi hiyo. Kwa kifaa kitakachokaa pwani, nunua swichi yenye mguso uliopakwa dhahabu na iliyozibwa dhidi ya unyevu. Na utando ukishinda hatimaye, ngazi yetu husoma 1023, yaani hukataa, na fundi anajua aanzie wapi.

Mafundi wa redio za magari wameishi na jambo hili kwa miaka mingi. Vitufe vya sauti kwenye usukani wa magari mengi ni rezista zilizounganishwa kwa waya mmoja au mbili, na redio za Android zinazofungwa badala ya redio za kiwandani huja na nyaya zilizoandikwa KEY1 na KEY2 kwa kazi hiyo. Fundi hubonyeza kila kitufe na kuiacha redio ikariri thamani yake. Njia ya kukariri ni nzuri kwa sababu hupima kilichopo badala ya kuamini kilichoandikwa. Udhaifu wake ni kwamba, vitufe vikikaririwa wakati mguso umeshachakaa, uchakavu huo huwa ndio kipimo.

Vipo vifaa ambavyo ngazi haivifai bila marekebisho, na ni haki kuvitaja. Raspberry Pi yenye pini 40 haina pini ya analogi hata moja. ESP8266 inayo moja tu. ESP32 inazo nyingi, zenye biti 12, lakini kigeuzi chake hupinda karibu na ncha zote mbili, hakitumii volti ya ngazi kama kipimo, na pini za kundi lake la pili hazisomeki Wi-Fi inapofanya kazi. Kwenye ESP32, basi, tumia pini za kundi la kwanza, pima kila kipandio kwa kifaa chenyewe badala ya kutumia namba za nadharia, na ongeza rezista za ncha ili nafasi zikae mbali na kingo. Betri nayo ina dai lake. Ngazi ya kiloomu 13 kwa volti 3 hunywa miliampea 0.23 bila kupumzika, na betri ya kidonge ya CR2032 yenye miliampea-saa 220 hivi ingeisha kwa siku 40 hata kifaa kisipofanya lolote. Dawa ni kulisha ngazi kutoka kwenye pini ya kutoa, iwashwe kwa kitambo kifupi cha kusoma kisha izimwe. Hapo pini zinakuwa mbili, na mbili bado ni chache kuliko nne.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote: kwa nini usinunue tu chipu ya kuongeza pini? 74HC165 husoma mistari minane kwa wakati mmoja na kuipitisha mmoja mmoja kwa mikrokontrola kwa pini tatu. Chipu mbili zikifuatana husoma 16 kwa pini zilezile tatu. MCP23017 hutoa mistari 16 kwa nyaya mbili za I2C, na rezista za kuvuta juu zimo ndani yake. Sina la kupinga. Tena naona chipu hizi zinathibitisha hoja ya sura hii, kwa sababu huhifadhi ile mipangilio 4,096 yote: kila nafasi inabaki na mstari wake, na programu inaweza kukataa iwapo mstari ulio chini si mmoja tu. Kinacholipwa ni muda, maikrosekunde chache kwa kila usomaji, ambao swichi inayozungushwa kwa mkono haiwezi hata kuuhisi. Swichi ikiwa karibu na bodi na kosa likiwa na gharama, kama kuchagua joto la tanuri au kiasi cha dawa ya maji, chukua 74HC165 na usijadili pini. Swichi ikiwa mwisho wa waya mrefu, au nafasi ya bodi ikiwa finyu, nyaya tatu za ngazi zinashinda 13 za swichi iliyoachwa wazi. Na pale ambapo kosa linaweza kumjeruhi mtu, swichi ya kusimamisha mashine isipitie programu yoyote. Ikate umeme yenyewe.

Uwezo wa kukataa, hata hivyo, hauna faida kama programu haikuambiwa ifanye nini baada ya kukataa. Ulimi unapopita kati ya nafasi, kukataa ni jambo la kawaida na hudumu sehemu ndogo ya sekunde. Hapo shikilia nafasi ya mwisho inayojulikana, na usiikubali mpya mpaka isomwe sawa mara kadhaa mfululizo ndani ya milisekunde 30 au 50, maana mguso hurukaruka kabla ya kutulia. Kukataa kukidumu nusu sekunde, hiyo si safari tena. Kifaa kiende kwenye hali salama iliyoamuliwa mapema na kionyeshe hitilafu, na kionyeshe pia namba iliyosomwa, kwa sababu fundi anayeona 1023 na anayeona 25 wataanza kutafuta kwenye nyaya tofauti.

Yote haya yanaweza kupimwa mezani kwa dakika chache. Kabla hujafunga kasha la kifaa chako, kiwashe, izungushe swichi nafasi zote 12 ukihakikisha kila moja inasomeka sawasawa, kisha iweke kwenye nafasi mojawapo na uchomoe waya mmoja mmoja, ukitazama skrini kila mara. Rudia kwa nafasi nyingine tatu au nne. Ikiwa hata mara moja programu itakutajia nafasi isiyo ya kweli baada ya waya kuchomolewa, rudi kwenye mchoro na uongeze mapengo, hata kama itakugharimu pini moja zaidi.